Nimesoma "thelathini" kanisani, nikaulizwa nimesilimu lini

Paskali wa Asali

Wakuu habari za jioni. Nipo Tabora mjini, naomba niliweke hili jambo hapa maana nyumbani nimeliongea mpaka mke wangu kanichoka.

Iko hivi. Jumapili ya Matawi nilipangwa kuwa msimulizi wa Mateso, Wakatoliki mnaujua ule usomaji mrefu watu wamesimama mpaka magoti yanalia, padri anachukua maneno ya Bwana, msomaji mwingine anachukua Pilato na Petro na wale wengine wote, na msimulizi ndo anabeba gunia lililobaki. Ilikuwa Mathayo. Nikaanza vizuri tu, nikafika pale Yuda anapopimiwa malipo yake nikasoma "vipande thelathini vya fedha", nikasoma kama ninavyoongea siku zote, ulimi nje kwenye th, ulimi nje kwenye dh. Benchi la mbele kina mama wawili wakatazamana. Nikajua nimeruka mstari, nikarudi na kidole, sijaruka kitu, nikaendelea.

Misa imeisha, watu na matawi yao mkononi, mama mmoja wa jumuiya yetu akanivuta pembeni. Mtu mzima, namheshimu, nikampa shikamoo yake, akaitikia afu akashusha sauti kabisa, "Baba samahani, kwani wewe ulikuwa Muislamu?" Nikamwambia hapana mama, nimebatizwa mchanga hapa hapa. "Sasa mbona unatamka kama shehe?" Nikaishiwa maneno. Ndo nikajua kumbe kanisa zima hapa tunasema selasini na feza na zambi, na mi miaka yote nipo humo nasema vingine wala sijagundua.

Chanzo nakijua lakini. Nimekulia mtaa wa Ng'ambo hapa hapa mjini, baba alikuwa reli, nyumba tuliyopanga ilikuwa ukuta mmoja na mwalimu wa chuo, namaanisha madrasa. Alasiri ikifika watoto wote wa uwani wanaenda chuoni mi nabaki na kuku. Mama akaona isiwe tabu, nenda kakae nao. Nikakaa nao mpaka darasa la nne. Hakuna aliyenisilimisha wala aliyeniambia nisilimu, nilikuwa nafata wenzangu, na siku ya maulidi nafata ubwabwa, ila yule mzee kwake hakukuwa na mtoto wa huku na mtoto wa kule, ukikaa kwenye mkeka wake unasoma. Alifu, bee, tee, thee. Kwenye thee alikuwa anasimama mbele ya kila mtoto, "toa ulimi, toa ulimi kama unalamba asali," na usipoutoa mwenyewe fimbo itakusaidia. Basi ulimi ukatoka na haujarudi mpaka leo.

Kingine, nauza asali, wateja wengi wa Dar na Dodoma tunaongea kwenye simu tu hatujawahi kuonana, na nusu yao wananiita ustadhi. Kuna mmoja tumefanya biashara miezi minne kwa asalaam aleikum na waaleikum salaam, naitikia maana salamu haikataliwi, siku ametuma hela kwa namba yangu jina likamtokea PASKALI. Akapiga. Kimya kwanza. Afu akauliza, "Ustadhi, hii namba ya jirani yako?" Nikamwambia hapana, yangu. Akasema aaa. Asali anachukua mpaka leo lakini ustadhi imekufa, sasa hivi ananiita bosi.

Sasa naombeni kuuliza, kweli herufi moja inaweza kumtaja mtu dini yake? Au ni mambo ya huku kwetu tu? Watu wa Kigoma nawasubiri hasa, maana nyie mna Ujiji, mna Wakongo, mna Warundi, huko masikio yenu yamechoka.

Nawasilisha.

Mwishowareli

Mkuu pole sana. Ila njoo Mwanga hapa Kigoma uone mabinti wanavyosema "thatha ulikuwa unathemaje", wote hao mlango wa madrasa wameuona kwa nje. Ulimi wako umetolewa na fimbo, wa kwao umetolewa na kudeka.

Bint Ujiji

Asalaam aleikum shehe Paskali hahahaa.

Mi ni mtu wa Ujiji, Waislamu mpaka ukoo wa juu kabisa, babu wa babu alivuka ziwa akitokea Manyema enzi za misafara, na nakwambia hapa kwetu hicho kipimo cha yule mama kinakufa siku ya kwanza. Nyumbani kwetu tunasema zambi. Tunasema feza. Kaka yangu mkubwa ni Ramazani na mdogo wangu wa kike anaitwa Feza, ukimuita Fedha hageuki, atajua unadai hela. Bibi hajawahi kuacha sala na bado anasema azuhuri. Yule mama wa kwenu angemsikia bibi yangu dirishani angempangia zamu ya kufagia kanisa.

Lakini sasa msikilize bibi huyo huyo akiwa anaswali. Akifika mwisho wa Alhamdu, pale kwenye maghdhubi na dhaallin, kila herufi inatoka ilipotakiwa kutoka, gh inatoka kooni, hakuna zaallin wala maguzubi. Akitoa salamu akikunja mswala tu, "Jamani zambi gani hii mmeacha mawese juani." Ulimi wa kuswalia anao, wa uani anao mwingine, wala havigombani. Kwa hiyo mi naona hiyo dh yako haisemi dini, inasema mtu alikaa kwenye mkeka wa nani na alikaa muda gani, na kwenu Tabora watu wamezoea wanaokaa kwenye mkeka huo ni Waislamu basi wanaruka moja kwa moja.

Afu nikuvunje moyo kidogo. Hiyo dh ya Kiswahili kwenye Kiarabu ni herufi tatu mbalimbali. Dhambi na dhahabu zina dhali, hiyo ndo ya ulimi nje kama unalamba asali. Adhuhuri na dhuluma zina dhaa, nzito zaidi. Ramadhani na fedha zina dhadi, na dhadi ulimi hautoki nje hata kidogo, unabanwa ndani kwenye magego, tumechapwa sana kwa hiyo dhadi. Kiswahili kimezikusanya zote tatu kikaziandika dh moja. Sasa wewe uliposoma fedha kanisani ukatoa ulimi, kina mama wakakuona shehe, shehe mwenyewe angekuwepo angekurudisha mkekani.

Na hili la Ramazani lina historia, nyie huko mnaona ni watu wasiojua kusoma. Waturuki wanasema Ramazan, Wairani wanasema Ramazan, Wapakistani hivyo hivyo, na hao wote ni umma wa Mtume. Ng'ambo ya ziwa kwa Wakongo ndo jina la kawaida mpaka limehama dini kabisa, mnamkumbuka aliyegombea urais wa Kongo 2018, Emmanuel Ramazani Shadary. Emmanuel na Ramazani mtu mmoja.

Ila limetutesa hilo jina. Kaka alienda ofisi moja kuandikishwa, karani akamuuliza jina, akasema Ramazani, karani akaandika Ramadhani, kaka akasema andika Ramazani, karani akamwambia "mi ndo nakuandikia Kiswahili sahihi." Vyeti vya shule vina z, kitambulisho kina dh, kazini wakamwambia hawa ni watu wawili. Kaenda kuapa kwa wakili, kalipa hela, kapewa hati ya kiapo kwamba Ramazani na Ramadhani ni mtu mmoja na ni yeye. Mama alicheka mpaka akalia, akasema mtoto nimemzaa mwenyewe afu wakili ndo anathibitisha.

Paskali wa Asali

Bint Ujiji, kwa hiyo fedha yangu sio sahihi kokote, sio kanisani sio msikitini. Asante sana dada, nimelala vizuri.

Mwl wa Zamani

Mlio wadogo marahaba, mlio wakubwa shikamooni. Nimefundisha shule za msingi Nzega na Igunga miaka thelathini na kitu, na nimeandika thelathini lakini mkinisikia mtasikia selasini, mi ni Mnyamwezi na ulimi wangu ni wa hapa hapa.

Nina jambo la kuungama. Siku za imla nilikuwa nasimama mbele nasoma kwa sauti, "Juma alinunua mbuzi selasini kwa bei gali," watoto wanaandika nilichosema, selasini na gali, mi nakusanya madaftari nawakata kwa kalamu nyekundu, wengine walikuwa wananyoosha mikono kwa fimbo. Walikuwa wananiandika mimi! Kulikuwa na mtoto mmoja wa mwenye duka, Mwarabu, imla zote anapata kumi, nikawa namtuhumu anachungulia kitabu. Nikamhamishia dawati la peke yake. Akapata kumi. Kumbe kwao wanaisema ilivyoandikwa, yeye akisikia selasini yangu anajua mwalimu amekusudia nini. Nimekuja kulitambua hili nimeshastaafu, na wale watoto wengine wana wajukuu sasa.

Mnatakiwa kujua haya maandishi yametoka wapi. Mwaka 1930 ndo iliundwa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza, Kiswahili cha Unguja ndo kikawa msingi wa kusanifia. Unguja dh, th na gh zipo midomoni kwa watu wengi wa mjini, kwa hiyo zikabaki kwenye maandishi. Lakini kh wakaitoa kwenye maneno mengi, khabari ikawa habari, khatari ikawa hatari, kheri kwa wengi ikawa heri. Angalieni basi kilichotokea. Mtoto wa Sikonge akisema zambi anaambiwa hujui Kiswahili, mtoto wa Unguja akisema khabari anaambiwa anaongea Kiarabu, na wote wawili wanaongea kama mama zao walivyowalea. Mstari ungechorwa pengine tungekuwa tunacheka watu wengine.

Baadaye mkaguzi mmoja alinisema sana kuhusu matamshi, nikaamua kujirekebisha kwa nguvu. Mwezi mmoja tu darasa langu likaanza kuandika dhawadi, dhamani za kale, thamaki. Walikuwa wamegundua kwamba mwalimu sasa hivi anataka ulimi utoke, wakautoa kila mahali. Nikarudi kwenye selasini yangu.

Na huku kwetu hata kabla ya kufika kwenye dini, l na r zinatutangulia. Kinyamwezi hakina r, mangaluka, mwangaluka mhola, ndo salamu zetu hizo, tafuta r humo huipati. Ndo maana mzee wa Kinyamwezi halisi siku ya uchaguzi anaenda kupiga kula, na akitoka huko anakula kura yake ya mchana.

Mwishowareli

Mwalimu hiyo ya mwisho nimecheka nikiwa kituoni nasubiri treni watu wamenigeukia. Sisi tusio na miaka mingi tuseme pia kuna utangazaji, siku hizi mtangazaji asiyesema "thamani" na "ghafla" kwa koo anaonekana katoka porini, kwa hiyo vijana wengi wanatoa ulimi kwa ajili ya maikrofoni.

Heichi wa Urambo

Hili la dini na herufi silisikii kwa mara ya kwanza, na mahali nilipokutana nalo hakukuwa na msikiti wala madrasa, wote Wakristo watupu.

Nilikuwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, kimasomo, miaka miwili. Siku moja nipo kliniki, dada wa mapokezi haliwezi jina langu akaniomba nimtajie herufi moja moja, jina langu lina H katikati, nikafika hapo nikasema "heichi" maana ndivyo nilivyofundishwa darasa la tatu. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu akatabasamu akaniambia taratibu, "Wewe umesoma kwa masista." Nikamwambia hapana mzee, mi ni Mmoraviani wa Urambo. Hakuelewa hata neno moja katika hayo mawili.

Nikaja kumuuliza mwenzangu darasani, akacheka sana akanieleza. Pale Wakatoliki hiyo herufi wengi wanaiita heichi, wanaanza na pumzi, na Waprotestanti wanaiita eichi, hawana h mwanzoni. Herufi ile ile, Kiingereza kile kile, mtaa mmoja na mwingine vimetenganishwa na ukuta. Sababu ni shule, watoto wa Kikatoliki wengi wanasoma shule za Kikatoliki na wa Kiprotestanti shule za serikali, kila mtoto anachukua alfabeti ya mwalimu wake, anakua nayo, anawapa wanawe. Hakuna aliyekaa kikao kwamba sisi tuseme hivi na wao waseme vile. Australia nako heichi watu wanaihusisha na shule za Wakatoliki kwa sababu hiyo hiyo, mabruda na masista wengi waliofundisha huko walitoka Ireland.

Huku kwetu yule mama alikuuliza kwa kukushushia sauti yakaisha. Kule kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini mpaka makubaliano ya amani ya 1998 wamekufa watu zaidi ya 3,500 kwenye ugomvi wa pande hizo mbili, na miaka hiyo mtu akikukuta usiku mtaa usio wako anataka kujua wewe wa upande gani, ngozi moja, nguo moja, atakujuaje? Jina lako, shule yako, na unavyoitaja hiyo herufi. Mji mmoja una majina mawili, ukisema Derry umejitaja, ukisema Londonderry umejitaja. Mwenzangu aliniambia mama yake aliwafundisha watoto wakiulizwa na mtu wasiyemjua waongee kidogo iwezekanavyo. Mi nilirudi hosteli nikajifanyia mazoezi ya eichi mbele ya kioo, kesho yake nikaona upuuzi, na eichi nayo ina wenyewe, nikaacha.

Hiyo heichi yangu mwalimu wangu alikuwa Msukuma mlokole. Alikoitoa mwenyewe anajua.

Niko Ghuba

Paskali hiyo th yako ungekuja nayo hapa Bahrain wangekupangia madhehebu kabisa. Nipo hapa mwaka wa tano, naendesha gari la familia. Mashia wa asili wa hapa, Wabaharna wanawaita, wengi wao th wanaifanya f, tatu badala ya thalatha wanasema falafa. Masuni wanasema thalatha. Kuku pia, Mbaharna anabaki na j yake dijaj, Suni anasema diyay. Mi Kiarabu changu nimekiokota jikoni kwa mpishi na kwa mlinzi, wa kwanza huku na wa pili kule, kwa hiyo nilikuwa nahesabu moja mbili falafa afu naagiza diyay. Watoto wa bosi walikuwa wananiita niseme mbele ya wageni wacheke. Mama yao ndo akanifundisha nichague moja nikae nayo.

Inachekesha kwamba thelathini yetu na thalatha yao ni neno la ukoo mmoja, na kote huko inachongea watu.

Mzalendo Halisi

Acheni udini humu, Watanzania sisi ni wamoja, mods futeni huu uzi.

Bint Ujiji

Mzalendo umesoma au umeona neno dini tu ukachomoa panga? Rudi juu kasome, kuna mtu kasalimiwa vibaya na mteja wake na bado anamuuzia asali.

Kasulu Yetu

Nyie mnahangaika na kanisa na msikiti, sisi wa Kasulu huo ni mtihani wa pili. Wa kwanza ni uraia.

Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, tunasikilizana bila mkalimani, na Mrundi analala kwa r, kurara. Babu yangu Muha kamili naye Kiswahili chake kilikuwa r tupu, "mmerara sarama?" Mi nimesoma, nimejirekebisha, lakini nikichoka au nikiogopa r inarudi yenyewe. Mwaka juzi natoka Kasulu na basi la alfajiri kuna kizuizi kimoja njiani, wakapanda ndani, unajua huku tuna kambi za wakimbizi, Nyarugusu ipo tangu 1996, kwa hiyo kukaguliwa tumezoea. Akaniuliza umetoka wapi, nikamjibu nimerara kwa shangazi. Basi. "Shuka chini." Nikatoa kitambulisho hakutaka hata kukiangalia. Akaniambia "Hebu sema lori limelala barabarani." Nikatulia, nikavuta pumzi, nikasema rori rimerara balabalani. Wakuu naapa hata mimi nilijisikia. Abiria wamechungulia madirishani wanacheka, mi jasho linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Alikuja kuniokoa konda, akasema huyu namjua ni mtoto wa mwalimu fulani, ndo nikapanda. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, kwa lafudhi nadhani alitoka ng'ambo ya mpaka kweli, hakuulizwa kitu kwa sababu alijifanya amelala njia nzima.

Sisi Waanglikana tunasoma sana Biblia, nilivyofika nyumbani nikafungua Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka anaambiwa sema Shibolethi, Mwefraimu hawezi sh anasema Sibolethi, anauawa pale pale, 42,000. Kwa herufi moja. Mimi nilishushwa kwenye basi tu nashukuru.

Sasa Paskali nikuulize, hivi wewe kweli uliusoma huo usomaji wako mpaka mwisho ukiwa unausikiliza? Maana ni sura hiyo hiyo uliyoisoma. Mathayo 26, mbele kidogo ya vile vipande thelathini, Petro amekaa uani, anakana mara ya kwanza, mara ya pili, afu wale waliosimama pale wanamwambia wewe hakika ni wa kwao, hata usemi wako unakutambulisha. Mgalilaya yule! Lafudhi ya ziwani! Petro ni mvuvi wa ziwa kama watu wa Kibirizi, kaenda mjini kafungua mdomo wamemjua. Wewe umewasomea kanisa zima habari ya mtu aliyejulikana kwa matamshi, wakatoka nje wakakujua kwa matamshi.

Paskali wa Asali

Kasulu Yetu nimenyamaza dakika tano nzima. Nimeusoma huo mstari kwa mdomo wangu mwenyewe na sikuusikia, nilikuwa bado nawaza wale kina mama wa benchi la mbele. Na pole sana kwa hilo lori.

Bint Ujiji

Rori.

Mwl wa Zamani

Bint Ujiji mheshimu mwenzio. Paskali, yule mama ulimjibu nini mwisho wake?

Paskali wa Asali

Mwalimu nilimwambia ukweli, nilikaa mkekani Ng'ambo mpaka darasa la nne. Akaniuliza mwalimu gani, nikamtaja, akasema aaah, yule mzee, watoto wawili wa kwanza wa huyo mama walisoma pale pale ila wao walikimbia kabla ya kufika kwenye thee. Kwa hiyo alikuwa anaujua mkeka wenyewe. Ila bado anasema nikisoma niseme kama watu wengine, kina mama wanapoteza utulivu.

Kamati ya liturujia nadhani wamemsikiliza, maana nimeambiwa mapema kabisa mwakani ni mwaka B, Mateso ni ya Marko, thelathini haimo lakini fedha imo, kwa hiyo msimulizi atakuwa kijana mwingine. Mimi wamenipa Petro. Nimeyapitia maneno yake yote, hakuna th wala dh hata moja.

Kasulu Yetu

Wamekupa Petro? Hahaha mkuu hapo hawakukwepesha kitu, umerudi uani kwenye moto.

Mwishowareli

Na kwa Marko jogoo anawika mara mbili, ujipange.